Kulala ufukweni mwa ziwa na mtoto mchanga, tuliyojifunza mimi na baba watoto

Ukiwaambia watu wa Mwanza unaenda kulala kwenye tenti pembeni ya Ziwa Victoria na mtoto wa miezi mitano, swali la kwanza utakaloulizwa ni mamba, la pili kiboko, la tatu nyoka. Hao wapo kweli na ntawasema huko mbele. Lakini sisi ambao tumelala huko mara nyingi, kuanzia binti yetu akiwa ananyonya tu mpaka sasa anakimbia mwenyewe, tumeona vitu vinavyoweza kumdhuru mtoto mdogo ni vile ambavyo havina kelele kabisa: maji unayomuogesha, hewa ya ndani ya tenti, godoro analolalia, mbu wa saa nane usiku. Na karibu vyote hivyo unavimaliza mchana jua likiwa bado lipo, ikifika saa moja usiku hujamaliza utahangaika na tochi mdomoni huku mtoto analia na wewe mwenyewe umeshachoka.

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa huku kanda ya ziwa, maana maelezo mengi ya kempingi na watoto yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia habari za dubu na theluji, hawagusi kabisa kichocho wala malaria. Sisi tunakaa mjini, nyumba zimebanana mpaka juu ya mawe, mtoto anakua hajui nyota zikoje, kwahiyo wikiendi tukipata nafasi tunapita Kirumba, Pasiansi, uwanja wa ndege, tunaelekea upande wa Igombe na Kayenze. Tukiwa na siku nyingi zaidi tunashika barabara ya Musoma, Kisesa, Magu mpaka Lamadi kule karibu na geti la Ndabaka la Serengeti. Kote huko ziwa ni lile lile na mambo ya kuangalia ni yale yale.

Kwanza kabisa mda wa kufika. Sisi tunafika saa tisa alasiri, ikizidi sana saa kumi, na kama gari limetuchelewesha tunalala gesti tunaenda kesho yake, sina aibu na hilo. Ukifika mapema unaona ardhi ilivyo, unaona wapi kuna majimaji, wapi kuna mashimo, na unapata mda wa kwenda kujitambulisha. Huwezi kuingia tu ufukweni ukachomeka tenti yako. Unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, unasema sisi ni fulani tuna mtoto tunaomba kulala hapa, alafu unaenda kuongea na watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, pale mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, wale ndo wanaojua ufukwe wao kuliko mtu yeyote. Watu wengine wanaona ni usumbufu, mi naona ni ulinzi mkubwa kuliko kufuli lolote, maana usiku ukipata shida kuna watu wanaojua mpo, wanajua mna mtoto, na wanajua mpo upande gani.

Kuna siku tulishapenda sehemu moja nzuri sana, nyasi fupi, mteremko kidogo, upepo unaingia vizuri. Mzee mmoja mvuvi tuliyepewa atuoneshe akatembea na sisi mpaka pale. Nilimsalimia shikamoo akaitikia kwa Kisukuma, marahaba mayu, mwadila, alafu akasimama akasema hapa hapana. Akatuinamisha kuangalia. Kulikuwa na njia imepita kwenye nyasi kutoka majini, pana, imekanyagwa mpaka udongo lakini katikati yake nyasi zimebaki zimesimama mstari mmoja mrefu, kwasababu kiboko miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana mbali. Kwenye tope pembeni kuna unyayo wa vidole vinne vinene, na kwenye kichaka kinyesi kimerushwa rushwa mpaka juu ya majani. Mzee akasema, "Huyu anatoka usiku kula, alfajiri anarudi. Hana ugomvi na nyie, ila mkikaa kati yake na maji mtakuwa mmemzibia mlango." Akatupeleka juu zaidi, karibu na nyumba za watu, penye mwanga, akasema huyo mwana mlale naye huku. Tangu siku hiyo njia ya namna hiyo naiona hata nikiwa ndani ya gari.

Mamba habari yake ni fupi: usichote maji wala kuosha vyombo ukiwa umechuchumaa ukingoni, hasa jioni na alfajiri, na mtoto anayetambaa asiwekwe chini karibu na maji hata kama upo hatua mbili. Nyoka na nge wanapenda yale mawe yetu makubwa, kwenye nyufa, kwahiyo tenti inakaa mbali na mawe, zipu inafungwa mda wote hata mchana, na kila kitu kinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, kuanzia viatu vyetu mpaka kanga ya mtoto. Alafu msilale pale pale mwaloni wanapoanika dagaa. Inzi ni wengi, usiku watu wanapita, na vyoo mara nyingi viko mbali. Na penye mchanga mkavu unaolaliwa na mbuzi kuna tekenya, hiyo alinikumbusha mama mkwe ambaye ni mzaliwa wa Magu, yeye alivyoona picha ya sehemu tuliyotaka aliuliza jambo moja tu, mbuzi wanalala wapi.

Sasa maji. Hapa naomba usome taratibu.

Kichocho ndani ya ziwa letu kipo kwa wingi, na watu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wamekichunguza kwa miaka mingi. Kinavyokwenda ni hivi, mtu mwenye ugonjwa akijisaidia sehemu ambayo uchafu unafika ziwani mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, alafu kutoka kwa hao konokono wanatoka vijidudu vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu na wala huwezi kuhisi. Kinachotawala huku ziwani ni kile cha utumbo, kinachokuja kuharibu ini miaka ikienda. Wazazi wengi tunaamini kichocho ni cha watoto wakubwa wanaoogelea. Lakini mtoto mchanga anakipata kwenye beseni! Mama anachota maji pale ukingoni, anamkalisha mtoto kwenye beseni anamuogesha vizuri na sabuni, na vile vijidudu vimo humo humo. Sijui niseme kwa nguvu gani, maana kila nikienda naona mama anafanya hivyo kwa upendo wote.

Kwahiyo sisi tunabeba madumu ya maji ya bomba kutoka nyumbani, ya lita 20, na mtoto anaogeshwa maji hayo tu. Yakiisha na hatuna jinsi, tunachota maji ya ziwa mbali na majani, tunachuja kwa kitambaa kisafi, tunachemsha, tunayaacha yapoe ndo anaoga. Njia nyingine ni kuyaacha kwenye dumu lililofunikwa siku mbili kamili bila konokono hata mmoja ndani yake, vile vijidudu vinakufa vyenyewe kwasababu haviishi mda mrefu bila kupata mtu wa kumuingia, lakini hayo ni ya kuogea tu, kunywa bado unachemsha. Kuyaanika juani yakapata uvuguvugu haitoshi. Kumfuta mtoto haraka na taulo pia usikutegemee. Na wale wanaosema alfajiri maji ni salama, kweli vijidudu vinatoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, ila hakuna saa ambayo unaweza kusema sasa ziwa liko wazi mtoto aingie.

Nasisitiza hivi kwasababu matibabu ya wadogo yalichelewa sana. Dawa ya kichocho inagawiwa mashuleni, mtoto wa miezi nane hayupo shuleni, na kwa miaka mingi wadogo walikuwa wanasagiwa vidonge vya wakubwa vichungu. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao, arprazikwanteli, ya watoto wa kuanzia miezi 3 mpaka miaka 6, ilipata maoni mazuri ya wakala wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023 tu.

Kitu kingine ambacho wengi hatukijui ni yale maji ya kijani. Kuna wakati hasa kwenye ghuba zilizotulia unakuta maji yamekuwa kijani kizito, juu kuna utando kama rangi imemwagika. Ile ni aina ya mwani unaoweza kutoa sumu. Ukichemsha, vijidudu vya kuhara vinakufa lakini sumu inabaki pale pale, na vidonge vya klorini pia usivitegemee. Maji hayo ya mtoto hapana, kwa kunywa wala kuoga, na uji wake usipikiwe hayo. Kama maji yote mbele yenu yako hivyo na madumu yameisha, kunja tenti mrudi nyumbani.

Kwa maji ya kunywa sisi tuko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji hata kama jua linawaka vipi, anayenyonya anapata maji yake kwenye ziwa la mama, wewe mama ndo unywe sana na umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Niliambiwa na bibi mmoja pale ufukweni nimpe hata kijiko kimoja cha maji ana kiu, nikamwambia ahsante bibi, ngoja nimnyonyeshe, akanyonya akalala.

Usingizi nao una mambo yake. Mchana tenti ya nailoni ikipigwa na jua inapata joto la ajabu ndani ya dakika chache hata kama umefungua mlango, mtoto asilale humo mchana. Sisi tunatandika mkeka chini ya kivuli cha mti, tunahama na kivuli kinavyohama, kofia kichwani na nguo nyepesi ya mikono mirefu, maana mafuta ya kuzuia jua hayapakwi kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Usiku ndo kinyume, alfajiri pale ziwani kuna baridi ambayo mtu wa mjini haitegemei. Hapo ndo mzazi anaanza kumrundikia mtoto mablanketi, na ndo hatari yenyewe. Mtoto mchanga analala chali, juu ya kitu kigumu kilichonyooka, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Godoro la kujaza upepo ni la wakubwa tu, linabonyea, mtoto anaviringika kwenye shimo pua zinaziba na hana nguvu ya kujigeuza. Wa kwetu alikuwa na kigodoro chake kidogo cha sponji ngumu, tunakiweka pembeni yetu juu ya mkeka, na kabla ya kusimamisha tenti baba watoto anapiga magoti anasawazisha mchanga kwa viganja, anaondoa kila kijiwe na kila mzizi, anajilaza mwenyewe kwanza kuona kama kuna mteremko. Badala ya blanketi tunamvisha. Mimi nikiwa na tisheti na sweta yeye ana hizo mbili na moja ya ziada, soksi na basi. Na ukitaka kujua kama anasikia baridi usishike vidole vyake, vidole vya mtoto ni vya baridi mda mwingi, ingiza mkono kwenye shingo kwa nyuma au kifuani. Pakiwa na jasho mpunguze nguo moja hapo hapo.

Mama mkwe hofu yake kubwa ilikuwa upepo wa ziwa, kwamba mtoto atapata nimonia. Tuliongea naye sana na kwa heshima, sikutaka tuondoke na manung'uniko. Nimonia inaletwa na vijidudu, upepo peke yake hauileti, ila kinachomfanya mtoto aipate kirahisi ni moshi, na hapo mimi na mama tulikubaliana kabisa, maana moshi ndo mtego wa kempingi. Watu wanawasha moto, wanakaa wanauzunguka, mtoto yupo mapajani anavuta ule moshi masaa. Wengine wanachoma kinyesi kikavu cha ng'ombe kufukuza mbu, wengine wanawasha ile dawa ya mviringo ndani ya tenti. Sisi moto unakaa upande ambao upepo unaupeleka mbali na mtoto, na inabidi ujue kwamba upepo huku unabadilika, mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku nchi kavu ikipoa unageuka unaenda ziwani. Ukipanga moto na tenti kwa upepo wa saa kumi jioni, saa nne usiku moshi wote uko mlangoni kwenu.

Na jiko la mkaa. Ndugu zangu, jiko la mkaa haliingii ndani ya tenti, kwa sababu yoyote ile, hata makaa yawe yamebaki mekundu kidogo tu ya kupasha joto, hata umeacha mlango wazi. Ile hewa inayotoka kwenye mkaa haina harufu, haina rangi, haikoholeshi, unalala na huamki, na mtoto anahema haraka kuliko sisi kwahiyo anaivuta nyingi kwa mda mfupi. Hata kwenye baraza la tenti lililofunikwa hapana. Jenereta vile vile, na mtungi wa gesi pia unapikia nje. Baridi ya alfajiri inamalizwa na nguo, na kumkumbatia ukiwa macho unanyonyesha.

Mbu sasa, na malaria huku kwetu hatuhitaji kuelezana. Mbu anayeileta anauma usiku, ndo mda ambao mtoto amelala, kwahiyo ulinzi ni neti. Wavu wa tenti peke yake mi siuamini, unafungua zipu mara ngapi usiku kwenda kujisaidia? Tulimnunulia ile neti ndogo ya mtoto ya kukunja inayofunguka kama mwavuli, inakaa juu ya kigodoro chake, na ile kubwa yenye dawa tuliyopewa kliniki tunaining'iniza ndani ya tenti inafunika wote. Ukaguzi wa matundu unafanyika nyumbani mchana, neti unaishika kwenye mwanga wa dirisha. Saa kumi na mbili jioni mtoto ameshaoga, ameshavaa suruali, soksi na mikono mirefu, na saa moja yuko ndani ya neti, sisi ndo tunabaki nje kuongea. Dawa ya kupaka yenye DEET haipakwi kabisa mtoto wa chini ya miezi 2, na wa zaidi ya hapo usimpake mikononi maana mikono inaingia mdomoni, wala usoni. Taa weka mbali na mlango, kuna siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanatoka makundi kwa makundi wanafuata mwanga, hawaumi lakini wanaingia puani na mdomoni kwa mtoto.

Chakula sitakaa nacho sana. Anayenyonya hana shida, huo ndo umri rahisi kuliko wote wa kwenda kempingi na wengi wanadhani ni mgumu. Aliyeanza kula, beba unga wa lishe mkavu kwenye kopo lenye mfuniko, upike uji kidogo kidogo kila anapokula. Uji uliopikwa asubuhi ukakaa kwenye chupa ya chai mpaka jioni, umwage. Sato wa kuchoma mtoe miiba kwa vidole sio kwa macho. Beba ORS na zinki, na ukiungua au mtoto akiungua, maji safi ya baridi yakimwagika juu ya kidonda dakika 20, sio dawa ya meno, sio yai. Pampasi zilizotumika rudini nazo mjini kwenye mfuko.

Usiku ambao umetufundisha kuliko wote ni wa mvua. Kabla ya kwenda tulikuwa tumeangalia utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, haukuwa mbaya, lakini ziwa lina tabia yake. Usiku ule upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka pande zote, hewa inakutana katikati inapanda juu, mawingu yanajijenga huko wakati nyie juu yenu mnaona nyota. Ndo maana radi nyingi za ziwani ni za usiku na alfajiri, na ndo maana wavuvi wanakufa. Usiku huo hapakuwa na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa mbali kabisa, mstari mrefu. Nimeamka kunyonyesha nikafungua dirisha la tenti, nikaona zile taa zinasogea. Zilikuwa zinakuja nchi kavu zote, haraka, na ilikuwa bado usiku mkubwa, sio saa ya wao kurudi. Nikamwamsha baba watoto. Akatoka nje akasikiliza, akasema sijasikia kitu, alafu ukapiga mwanga mmoja chini kabisa ya mbingu upande wa Ukerewe.

Hatukusubiri. Gari tunaliegesha karibu likiwa limeangalia njia ya kutokea, funguo zinakaa kwenye mfuko wa pembeni ya tenti kila siku pale pale, kwahiyo nilimchukua mtoto na neti yake, yeye akachukua begi la mtoto, tenti tukaiacha. Tenti haizuii radi hata kidogo, mti mkubwa uliosimama peke yake ndo mbaya zaidi, lakini gari lenye bodi na paa la chuma vioo vikiwa juu ni salama. Ukihesabu kutoka mwanga mpaka ngurumo haifiki sekunde 30, ujue iko karibu, ingia, na usitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Injini tulizima. Upepo ulivyofika ulifika wote kwa mara moja, mchanga unapiga kwenye vioo, alafu mvua. Tenti ilibonyea upande mmoja, nguzo moja ikavunjika. Mtoto alinyonya akalala kwenye kiti chake, sisi tumekaa tunaangalia ufukweni tochi za wavuvi zikivuta mitumbwi juu. Asubuhi yule kijana wa BMU alikuja kutuulizia kama mtoto yuko salama kabla hata hajaenda kwenye mtumbwi wake.

Kuanzia hapo nikiona wavuvi wanarudi mapema simuulizi mtu, nabeba mtoto. Na miezi ya masika, Machi mpaka Mei, na vuli ikichanganya, hatuendi na mtoto mdogo.

Mtumbwi na boti kwenda visiwani: kama hakuna jaketi okozi la saizi ya mtoto, hamuendi. La mkubwa linamchomoka juu akiingia majini. Na usikae kwenye boti umemfunga mgongoni kwa kanga, mkizama anakuwa chini yako na huwezi kumfungua. Mshike mbele, na jaketi lake amevaa.

Kabla hamjatoka nyumbani ulizia kituo cha afya cha karibu chenye huduma usiku, namba ya bodaboda wa pale, na kama simu inashika. Namba za dharura ni 112, zimamoto na uokoaji 114, mwandikie na mtu mwingine nyumbani mpo wapi. Mtoto wa chini ya miezi 3 akipata homa yoyote hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Mkubwa kidogo, ukiona anakataa kunyonya, analegea, anahema haraka haraka, anatapika kila kitu au amepata degedege, usisubiri kukuche.

Na mkisharudi mjini bado hamjamaliza. Malaria aliyoambukizwa kule haitokei kesho yake, mara nyingi inachukua wiki moja mpaka mwezi, wazazi wanakuwa wameshasahau safari wanasema ni meno. Homa ikija ndani ya mwezi huo mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, usinunue dawa dukani kwa kukisia, na ukifika mwambie nesi au daktari mlilala ufukweni, tarehe gani, na kama maji ya ziwa yaligusa ngozi ya mtoto mwambie na hilo pia aandike kwenye kadi yake.